Tende Moja Juu ya Zege la Bakari

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa zimekwisha kuota macho mgongoni, palikuwa na mshona sare za shule aitwaye Bakari Shekuwe. Wasikilizaji, msikae mkao wa kula. Kaeni mkao wa kuamua, maana kula kwenyewe ndiko kutakakotutoa jasho.

Bakari alikuwa mtu asiyetulia. Akisimama alitembea, akikaa, magoti yake yalitembea. Mteja akija kupimwa suruali, mteja ndiye husimama tuli na Bakari ndiye humzunguka kama nzi wa maandazi. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kupanda juu ya nyumba yake. Nyumba ilikuwa ya zege juu, ina ngazi ya nje, na nondo zimechomoza pembeni zikisubiri ghorofa ambayo labda itajengwa na wajukuu. Kutoka pale aliiona Kichangani nzima: mabati yenye kutu, matangi ya maji, kanga za watu kwenye kamba. Na katikati ya vurugu hiyo, vichwa vya minazi, mivumo na mikindu, vikitikisika kama wazee waliokataa posa.

Kuna watu wanapenda mpira. Kuna wanaopenda wake za watu. Bakari alipenda miti ya makuti. Wala hakuwa peke yake. Walikuwa watatu, wakafungua kundi lao la simu wakaliita Makuti Juu. Kila Ijumaa baada ya alasiri, kila mmoja hupanda paa lake, mtaani kwake, akapiga picha ya miti ya makuti anayoiona toka huko, akawarushia wenzake. Sheria zilikuwa mbili: paa liwe lako, na sura yako isitokee, kwa kuwa sura zao walikwisha kuzijua na hazikuwa na makuti.

Wa pili katika kundi alikuwa Siwatu, mwanamke wa Kilimahewa, mpika keki za harusi, mwenye ghorofa refu na jicho la mwewe. Wa tatu alikuwa Yoeli Mhando wa Majengo, karani wa ofisi ya mabasi, bwana mnene ambaye kila akipanda paa lake la bati mke wake alianza kusali.

"Yoeli, bati linalia huko," Siwatu humwandikia.

"Linaimba," Yoeli humjibu.

Sasa, ubavuni mwa nyumba ya Bakari palikuwa na mtende. Mama yake, Bi Mwanakombo, aliporudi hija alikula tende ya mwisho kwenye mfuko, akaifukia kokwa yake ndani ya kopo la samli. Kokwa ikachipua. Kopo likapasuka. Mtende ukahamia ardhini, ukapanda, ukapanda, mpaka kichwa chake kikafika usawa wa zege na makuti yake yakalalia paa la jirani. Kila mwaka ulitoa maua. Kila mwaka maua yalikauka, yakaanguka, na watu wa mtaani wakafagia.

"Huyo bibi harusi wako anajipamba kila mwaka," Yoeli aliandika siku moja alipoona picha. "Bwana harusi yuko wapi?"

Bakari alicheka kwa vidole tu, kwenye simu. Usoni hakucheka. Mama yake alikuwa anapoteza macho.

Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili. Asubuhi Bi Mwanakombo alimimina chai pembeni ya kikombe. Jioni alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, na koti lisipoitika alilikemea kwa utovu wake wa adabu. Daktari alikuwa amesema wazi: apasuliwe macho sasa angali na nguvu, akichelewa giza litakuwa la kudumu.

"Mama, madaktari wa macho wanakuja mwaka huu baada ya Idi. Nikuandikishe?"

"Nikaone nini?"

"Dunia, mama."

"Dunia nimeiona. Mtende wangu ndio sijauona ukizaa." Kisha akaiweka nadhiri yake, pale pale, mkono juu ya goti. "Siku mtende huu ukizaa, tende ya kwanza itaingia kinywani mwa yule aliyeuzalisha. Kabla ya hapo, daktari asiniguse jicho. Na ikiingia kinywa kisicho chake, nitabaki na ukungu wangu mpaka kaburini."

Msidhani alikuwa anatania. Bi Mwanakombo aliwahi kuapa hatasema na dada yake mpaka arudishiwe sinia lake. Walinyamaziana mpaka sinia likatoboka.

Basi Bakari akawa hatulii mara mbili, hata juu ya zege. Usingizi ukamkimbia, cherehani ikamkwaza, akamshonea mtoto wa darasa la pili suruali yenye mguu mmoja mrefu. Mwishowe mama yake akamwambia, "Leta shoka. Tuutishe."

Kwao ilikuwa desturi: mti usiozaa hutishwa. Mmoja huja na shoka kwa ghadhabu, mwingine humwombea.

Bakari akaja na shoka, kifua mbele, sauti ya jukwaani. "Wewe mtende. Unakula mbolea, unakunywa maji, huzai. Leo ni kuni."

"Msamehe, mwanangu," Bi Mwanakombo akaimba wimbo wake. "Atazaa msimu huu."

"Simsamehe."

"Msamehe, nakuomba."

Akapiga shoka la kwanza, kwa mchezo, gamba likaruka. Mtende ukatikisika. Bakari akautazama mti, akamtazama mama yake aliyekuwa anauombea huku amegeukia ukuta akidhani ndio mti. Akapiga shoka la pili, na hilo halikuwa la mchezo. Lilizama. Mama yake akaukatiza wimbo, akasema polepole, "Inatosha, Bakari." Bakari akaliacha shoka, akapanda juu ya zege, akazunguka huko mpaka jua likazama.

Wiki ile ile mtende ukatoa karara, lile ganda la maua, nene kuliko miaka yote. Na Ijumaa Siwatu akarusha picha. Ilikuwa Kilimahewa ile ile, matangi yale yale, minazi ile ile. Lakini chini yake aliandika: "Bwana harusi nimemwona. Tazameni nyuma ya ukuta wa buluu."

Wakaivuta picha. Nyuma ya ukuta wa buluu, kwenye ua wa jumba la watu, palikuwa na mtende mwingine, na karara lake limepasuka, maua meupe yanamwaga unga. Mtende dume. Mtende wa Bakari ulikuwa jike siku zote, mjane asiyewahi kuolewa, na mume alikuwa mtaa wa tatu.

Nani akamlete? Siwatu alikuwa na keki mbili za harusi tanurini. Bakari aliizunguka zege mara kumi bila kuamua. Akaenda Yoeli.

Yoeli alibisha hodi kwa adabu. Mbwa akaitika kabla ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye mafua, akasema kwamba maua yale ndiyo yanayompigisha chafya, ayakate yote na Mungu ambariki, lakini ngazi hana na mbwa hamfungi. Yoeli akapanda. Miiba ya mtende ikamwingia mahali ambapo karani wa mabasi hupahitaji sana. Siku zilizofuata alikata tiketi akiwa amesimama. Lakini maua aliyaleta, ndani ya shati lake, na Bakari akainama kutoka juu ya zege, akakung'uta unga wa dume juu ya maua ya jike, akayafunga pamoja kwa uzi wa sare za shule.

Ukazaa, wasikilizaji. Tende ndogo za kijani, kole moja, yaani shada moja zima, na kole lenyewe likaning'inia upande wa jirani.

Jirani huyo aliitwa Chausiku. Alikuwa adui wa Makuti Juu. "Watu wazima mnapanda mapaa kama paka wanaotafutana," alizoea kusema, na makuti ya mtende yalimzibia mfereji wa maji kila masika. Lakini alipoona tende, na alipoona kunguru nao wameziona, hakuuliza mtu. Alitoa chandarua chake kitandani, akalifunika kole, akafunga kamba. Mvua ikanyesha, akaongeza mfuko wa simenti juu yake. Masika mazima Chausiku alilala na mbu ili tende zilale salama.

Ramadhani ikaingia. Tende zikageuka njano. Bakari alikuwa anapanda ngazi kutwa, anazitazama, anashuka, anapanda. Na siku zikiwa zimebaki chache kufika Idi, akapanda akakuta chandarua hakipo. Kunguru walikuwa wamefuturu kabla ya wenye dini. Kole lilikuwa limebaki vijiti vitupu, na ndani kabisa, chini ya kuti, tende moja. Ya kahawia. Imeiva.

Ya kwanza kuchumwa na binadamu ndiyo hiyo; akaichuma kwa mikono miwili.

Jioni ile wakakaa wote juu ya zege, hata Chausiku, mkekani: uji wa pilipili manga, vitumbua, kahawa, na tende moja kiganjani mwa Bi Mwanakombo. Chini, kwenye meza ya cherehani, palikuwa na karatasi ya madaktari wa macho, jina lake limekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni nadhiri.

"Nisikieni," Bi Mwanakombo akasema. "Kabla ya adhana nijue. Nani aliuzalisha mtende wangu?"

"Bibi, mimi sitaki ugomvi," alisema Siwatu, na wote wakajua ugomvi umeanza. "Lakini dume lilikuwa pale miaka yote, na watu wenye macho walipita chini yake. Jicho langu ndilo lililoliona. Asiyeonwa haoi."

"Jicho lako," Yoeli akasema, "liliona lini?"

Siwatu akashika kikombe.

"Ile picha ya mwaka jana nimeirudia. Dume lipo, limechanua, na wewe umeliweka katikati kama bwana harusi kweli. Uliliona, dada yangu. Ukanyamaza."

"Ningesema mngekuja na mapanga mkanikatia mandhari," Siwatu akasema. "Kilimahewa nzima kitu kizuri ni kile. Mwaka huu nilisema kwa sababu nilipompigia Bakari simu nilimsikia bibi akilisalimia koti."

Koti halikuwepo kujitetea.

"Basi nisikilizwe mimi," Yoeli akaendelea. "Mimi ni Mkristo, sijafunga, ila kwa njaa ya kuingoja tende hii naona nimefunga mwezi mzima. Kuona kila mtu anaona. Aliyeingia kwa mbwa ni nani? Aliyekaliwa na miiba ni nani? Mshenga humla kuku mzima. Mimi nataka tende moja."

"Mshenga aliyemwacha bwana harusi hotelini," Chausiku akadakia. "Shemeji, ulisimama kunywa supu njiani, ukaweka maua karibu na jiko la mkaa. Umeleta nusu, nusu imeungua. Ndiyo maana mtende ulizaa kole moja badala ya matano."

"Nilikuwa natoka damu, jirani. Supu ilikuwa dawa."

"Na mimi nilikuwa natolewa damu na mbu masika mazima, sikunywa supu. Bi mkubwa, mti kuzaa si kutoa tunda, ni tunda kufika mkononi. Hii tende uliyoshika imelala kitandani kwangu kuliko mume wangu."

"Na leo asubuhi chandarua kilikuwa wapi?" Bakari aliuliza. Alikuwa amekwisha kusimama.

Chausiku akaangalia mfereji wake. "Mama mkwe alikuja kulala. Nimtandikie mbu? Nilikifua, nikakianika. Asubuhi tu ile."

Asubuhi tu ile kunguru walikuwa hawana mama mkwe.

"Na wewe, Bakari?" Mama yake alimgeukia, na safari hii alimpata, si kama siku ya ukuta. "Husemi?"

Bakari aliuzunguka mkeka. Akisema ni yeye, na kumbe siye, ataonekana mlafi aliyemnyang'anya mama yake macho. Akinyamaza, na kumbe ndiye, tende itaingia kinywa kisicho chake na ukungu utabaki. "Nimeumwagilia maji tangu kopo la samli," alisema. "Nimeufunga unga kwa mkono wangu. Na shoka, mama. Wiki niliyoutisha ndiyo wiki uliyotoa karara."

"Shoka halizalishi," Siwatu alisema.

"Desturi inasema linazalisha," Bi Mwanakombo alijibu. "Lakini desturi ni shoka la mchezo. La pili nililisikia, mwanangu. Lilikuwa na sauti nyingine."

Bakari akaacha kuzunguka. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, magoti yake yalitulia.

"Nilitaka kuukata," alisema. "Nilisema moyoni, mti ukianguka, nadhiri itaanguka nao, utakwenda kwa daktari."

"Najua," alisema mama yake. "Ndiyo maana siku ile niliuombea kwa kweli."

Yoeli akatoa kisu mfukoni, akapendekeza kwa sauti ndogo kwamba tende ikatwe vipande vinne. Bi Mwanakombo akafunga kiganja. Nadhiri, alisema, haikatwi kwa kisu.

Jua likagusa mivumo ya Kichangani. Kunguru mmoja akatua juu ya nondo, akainamisha kichwa, akaitazama tende kama mwenye dai la tano. Msikitini kipaza sauti kikakwaruza. Bi Mwanakombo akafungua kiganja tena, akanyoosha mkono mbele yake, gizani mwake, akingoja aambiwe aupeleke wapi.

Mimi nimefika mwisho wa ngazi, sina paa jingine. Kuna aliyeliona dume akalificha mwaka mzima, kuna aliyelileta akaunguza nusu, kuna aliyelinda akaanua chandarua asubuhi moja, na kuna aliyelea mti akataka kuuua kwa ajili ya mama yake. Tende ni moja, kinywa ni kimoja, na macho ya bibi yanangoja. Je, nani alistahili? Semeni upesi, muadhini amekwisha kukohoa.