Mlango wa Kuvuta

Paukwa!
Pakawa!
Wa mbele kaeni, wa nyuma msisukume. Mtaona kwa nini.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule ya nyasi. Ukuta nyasi, paa nyasi. Kiangazi kimoja, asubuhi, cheche ikaruka kutoka jikoni. Pwaa! Shule ikawaka. Watoto wakatoboa kuta, huyu huku, yule kule, wakatoka wote. Wa mwisho alikuwa Chiku, mtoto wa Digidigi, mkia umeungua. Tangu siku ile mama yake akisikia kuni zikialika motoni tu, moyo wake pu! pu! pu!

Wanyama wakasema, sasa tujenge shule ya kisasa. Akaitwa Fundi Mchwa na kikosi chake. Wakajenga, wakajenga, wakajenga. Ukuta mgumu kama jiwe, bati juu, sakafu inang'aa, taa za jua, madirisha ya nondo. Nyati, mwenyekiti wa kamati, akaugonga ukuta kwa pembe, ngo! ngo!

"Hii sasa ndiyo shule!"

Mama Chiku hakutazama taa. Hakutazama sakafu. Alitazama mlango.

"Mwenyekiti, samahani, mlango ni mmoja, halafu unavutwa kwa ndani, na watoto ni sitini, sasa wakija wote mbio nani atauvuta, na madirisha yana nondo, na ukuta huu si wa nyasi, hautoboki, watapita wapi?"

"Pumua kwanza, mama!" akasema Nyati.

"Shemeji," akasema Mchwa, "mlango huo nimeupachika kwa mikono yangu."

"Mikono yako sina neno nayo, fundi. Miguu ya watoto je?"

"Huyu hukimbia hata kivuli chake!" akasema Nyati. Wanyama wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Mwalimu Korongo akanyoosha shingo. "Kesho ni ufunguzi. Mtoto asiyeingia kesho, jina nalifuta."

Mama Chiku akarudi nyumbani. Asipomwingiza, mtoto hatasoma. Akimwingiza... Akautazama ule mkia.

Kesho yake wakubwa wakaingia kwanza, kwa hotuba. Nyati ndani, Kiboko ndani, Ngiri ndani, Korongo ndani, Mchwa ndani. Vumbi lilikuwa jingi, wakafunga mlango. Watoto wakabaki nje wakingoja kuimba. Mama Chiku kambana Chiku ubavuni. Mara akaona moshi mweusi nyuma ya shule.

"Moto! Moto jamani, moto!"

Ndani, vurugu! Wote mlangoni. Ngiri kamsukuma Kiboko, Kiboko kamsukuma Nyati, Nyati pua bapa kwenye ubao wa mlango.

"Fungua!"
"Nivute vipi, nanyi mnanisukuma!"
"Rudini nyuma!"
"Rudi wewe!"

Kila walivyosukuma, ndivyo mlango ulivyozidi kujifunga.

"Fundi, toboa ukuta!" akalia Nyati.

Mchwa akajibu kutoka chini ya kwato, "Nimeujenga usitoboke, mwenyekiti!"

Mama Chiku akakimbia nyuma ya shule. Akakuta sufuria za pilau na kuni mbichi zikifuka. Akarudi mbio dirishani.

"Si moto, ni jikoni, ni kuni mbichi, kaeni chini, kaeni chini nyote!"

Wakakaa, wakihema. Ndipo mlango ukavutika. Kwiii.

Nyati akatoka, pua imevimba. "Digidigi! Umetutia kiwewe kwa moshi wa pilau!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Moshi nimekosea, mwenyekiti," akasema Mama Chiku. "Mlango sikukosea."

Nyati akapapasa pua. Akamgeukia Mchwa. "Fundi, nyundo unayo?"

Pilau ikangoja. Kabla jua halijatua, milango ilikuwa miwili, yote ya kusukuma kwenda nje. Mama Chiku akaisukuma mwenyewe, huu mara saba, na ule mara saba. Kisha akamwachia Chiku.

"Haya, nenda kasome."

Basi wenzangu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukijenga nyumba ya watoto, kabla hujausifu ukuta, muulize mwenye hofu watatokea wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Anayetaka kutoka, asukume.