Mstari Uliokuwa Ukishuka

Kulikuwa na fundi mmoja wa programu za kompyuta mjini Arusha, jina lake Elinihaki. Ofisini walilikata wakamwita Eli, lakini jina alilobatizwa ni Elinihaki, nasi tutamwita hivyo.

Mama yake, Nakundwa, aliishi peke yake milimani Usangi. Alikuwa ameugua tumbo, na mganga wa zahanati alimwambia wazi kwamba akizidi kukonda apelekwe hospitali kubwa upesi. Kwa hiyo kila Jumatatu alipimwa uzito, akamtumia mwanawe kilo zake kwa simu ili aziangalie.

Wakati huo Elinihaki alikuwa akitengeneza programu ya kuonyesha grafu kwenye kompyuta ya mezani. Hazikuwa grafu za kutazama tu: ukiweka kipanya juu ya nukta, tarehe na namba yake vinatokea, ukivuta, wiki zinakuwa miezi. Kazi ya namna hiyo haijaribiwi bila namba za kweli. Naye alikuwa na namba gani za kweli? Akachukua za mama yake.

Alizitazama kutwa. Akabadilisha rangi ya mstari mara nne, akazinenepesha nukta. Siaeli, mwenzake wa meza ya jirani, akamtania kwamba mstari ule ungekuwa na baba, Elinihaki angekwisha kuutolea mahari. Hata siku mstari uliposhuka ukatoka nje ya dirisha la programu, Elinihaki hakuuliza unashukia wapi. Aliiagiza programu ivishushe vipimo vya pembeni, ili mstari ubaki katikati daima. Ukakaa vizuri. Siku hiyo alikwenda nyumbani ameridhika.

Mwezi wa tano akaionyesha kazi yake mbele ya wateja, nao wakapiga makofi. Miongoni mwao muuguzi mmoja, mtu mzima, akaomba kipanya. Akagusa nukta ya kwanza: kilo sitini na moja. Akagusa ya mwisho: arobaini na nne.

"Kijana, huyu mgonjwa bado yupo?"

"Hizo ni za majaribio tu, mama. Ni uzito wa mama yangu mzazi."

Muuguzi akakirudisha kipanya mezani taratibu. "Basi unafanya nini hapa?"

Elinihaki alipanda basi la Usangi mchana ule ule. Alimkuta Nakundwa kitandani, mikono imebaki mifupa. Akapiga magoti, akamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nasema kila Jumatatu, baba," mama akamjibu. "Nilijua unaniona. Nikaona nisikusumbue."

Hospitali kubwa ilimpokea, lakini muda wa kumtibu ulikuwa umepita. Wiki ya tatu walimzika.

Ndugu zangu, Elinihaki hakuwa mtoto mbaya. Hakuna mtu duniani aliyezijua namba zile kumshinda yeye. Na sisi je? Kila Jumapili majina ya wagonjwa husomwa hapa mbele yetu. Tunayajua vizuri, katibu akikosea moja, tunamsahihisha. Kisha tunaitikia Amina, tunaketi. Ni nani kati yetu aliyekwenda kumwona hata mmoja wa wale waliotajwa Jumapili iliyopita? Nao wamelala huko majumbani, hawamtumi mtu kuja kutuita, kwa sababu wanaamini kwamba tumekwisha kusikia.