Semeni na Siku ya Kupanda

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge kama watu waliopanda mawe. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimejua niko na watu. Wewe mwenye kijinga cha moto, kisukume ndani kidogo. Na wewe unayesinzia, sogea karibu na jirani yako akufinye.

Hapo zamani za kale, wakati kuku alikuwa bado akipiga hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamlenge. Watu wake walilima mtama, na walikuwa na mila moja waliyoipenda kuliko nguo zao za sikukuu. Hakuna aliyepanda siku aitakayo. Walimngoja Dudumizi, yule ndege mwenye mkia mrefu anayekaa kwenye matete. Alfajiri Dudumizi akiita mara tatu, du-du-du, du-du-du, du-du-du, Jumbe Mbwego alipiga ngoma, na kijiji kizima kilitoka na majembe siku ile ile. Aliyepanda siku nyingine aliitwa mchawi anayefunga mvua, akafukuzwa.

Msicheke. Miaka na miaka Dudumizi aliita, watu wakapanda, mvua ikanyesha. Nani angeacha mila inayomlisha?

Katika kijiji hicho alikaa mjane mmoja jina lake Semeni. Alikuwa na watoto wanne na ulimi usiopenda kukaa bure. Mbegu zake alizitia ndani ya kibuyu, akakining'iniza juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu.

Basi mwaka mmoja mambo yakageuka. Dudumizi akaita, ngoma ikalia, watu wakapanda. Mvua ikanyesha siku mbili, mtama ukachipua, jua likaukausha wote. Watu wakasema, "Bahati mbaya." Dudumizi akaita tena, ngoma ikalia, watu wakapanda. Mvua ikanyesha siku moja. Mtama ukachungulia tu, ukafa.

Kila nyumba ilibakiwa na mbegu za kupanda mara moja. Semeni alitikisa kibuyu chake, kikajibu kwa sauti ndogo. Akaogopa. Hizo zikipotea, hapatakuwa na mtama mwaka huu wala mwaka ujao.

Watu wakakusanyika kwa Jumbe.

"Dudumizi ni mwongo!" wakasema. "Auawe!"

"Semeni," Jumbe akasema, "matete anayokaa yako mpakani mwa shamba lako. Chukua kombeo, kamalize kazi."

"Na siku ya kupanda tutaijuaje, Jumbe?"

"Nitaota."

"Jumbe wangu, wewe ukilala hujui hata kama umelala!"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mwezi uandame. Lakini agizo ni agizo. Asubuhi Semeni akaenda.

Dudumizi alikuwa ametulia kwenye matete. Hakuruka.

"Shikamoo, Dudumizi."

"Marahaba, mama. Hilo kombeo ndilo la kunisalimia?"

"Nimetumwa nikuue. Umetudanganya mara mbili."

"Kabla hujarusha, chungulia hapa."

Semeni akachungulia kiotani. Akaona makinda wawili, wamekauka.

"Mimi nikisikia ubaridi wa maji kwenye upepo, huita," Dudumizi akasema. "Nikiita, nataga, ili watoto wangu wapate panzi mvua ikija. Mwaka huu nimetaga mara mbili. Mara mbili nimefiwa."

Semeni akakaa chini, kombeo likamtoka mkononi. Alikuwa amekuja na hasira, sasa akamwonea huruma mama mwenzake.

"Kwani mvua imepatwa na nini?"

"Dunia ina homa. Waliowasha moto wako mbali, ng'ambo ya milima na bahari. Moshi wao hatuuoni, ila joto lake limetufikia. Upepo umepotea njia. Nausikia unakuja na maji, kisha unageukia kwingine."

"Basi tuambie siku ya kweli."

"Siijui."

"Huijui?"

"Siijui, mama. Na hata zamani sikuwahi kumwambia mtu apande. Nilikuwa naita tu, mkanifuata."

"Sasa wewe utafanyaje?"

"Yai moja nitaliweka hapa mateteni. La pili nitalipeleka bondeni. La tatu sitalitaga mpaka nione ardhi imepoa. Nikikosa moja, nisikose yote."

Semeni akarudi nyumbani akiwaza. Akateremsha kibuyu, akazigawa mbegu mafungu matatu. Fungu la kwanza akalipanda siku ile ile, kwenye ardhi kavu, bila ngoma kulia.

Hapo sasa! Majirani wakamwona. "Semeni anafunga mvua!" Jumbe akaja mbio, kilemba kimelegea.

"Ndege hukumuua, na sasa unapanda peke yako! Utahama hapa."

"Nipe mpaka mavuno, Jumbe. Nikikosa, nitajihamisha mwenyewe."

Jumbe akatazama wale watoto wanne. "Mpaka mavuno," akasema.

Siku chache baadaye Dudumizi akaita, du-du-du, mara tatu. Na wale wale waliotaka auawe ndio waliokuwa wa kwanza kukimbilia majembe. Mazoea yana taabu! Watu wakapanda mbegu zao zote, hata punje moja haikubaki. Semeni naye akapanda fungu la pili. La tatu akalirudisha kibuyuni.

Jioni binti yake mdogo, Siwema, akakitazama kibuyu. "Mama, hizo zilizobaki si tuzipike?"

"Hapana, mwanangu."

"Nusu tu?"

"Hapana."

"Kiganja kimoja?"

Semeni akatoka nje, akalia mpaka akamaliza. Kisha akarudi ndani, akawapikia mboga za mwituni zisizo na chumvi.

Fungu la kwanza likaliwa na mchwa. Kisha mvua ikaja, lakini ilikuja kwa hasira. Siku nne mfululizo maji yalishuka vilimani yakazoa kila kitu, mbegu za kijiji kizima pamoja na fungu la pili la Semeni. Vilio vikasikika nyumba hadi nyumba.

Maji yalipopungua, Semeni akaingiza mkono ardhini mpaka kwenye kiwiko. Udongo ulikuwa umepoa mpaka chini. Akapanda fungu la tatu. Zikafuata rasharasha, leo kidogo, keshokutwa kidogo. Mtama ukaota, ukasimama, ukazaa.

Haukuwa mwingi. Watu wa Kwamlenge waliuvuka mwaka ule kwa mizizi na mboga za porini, na Semeni alitoa kikombe cha unga kwa nyumba zenye watoto wachanga. Lakini mbegu zilikuwapo, na kijiji kizima kilijua ziko kwa nani.

Msimu ulipokaribia, watu wakajaa mlangoni kwake, Jumbe mbele.

"Semeni, hatukuja kukuhamisha."

"Hilo naliona, Jumbe. Watu wa kuhamisha mtu hawaji na vikapu vitupu."

"Tupe mbegu. Na utuambie siku ya kupanda. Siku utakayosema wewe, ndiyo hiyo hiyo."

"Aa, mnataka niwe Dudumizi! Mwaka nikikosea, mnitumie mtu na kombeo?"

Wakainamisha vichwa. Semeni akaleta mbegu, akaanza kugawa. "Wewe panda kesho. Wewe ngoja mvua ya kwanza. Wewe ngoja ya pili. Wewe bondeni, wewe mlimani."

"Na atakayeangukia siku mbaya?" Jumbe akauliza.

"Atakula kwa aliyeangukia siku nzuri."

Siku moja ilikuwa rahisi, jamani: ukishiba, unashiba na wote, ukikosa, unakosa na wote, na hakuna wa kumwomba mwenzake. Kumpigia jirani hodi ukiwa na bakuli mkononi ni jambo jingine. Watu wazima wale wakatazama miguu yao.

Mwishowe Jumbe Mbwego akanyoosha kikapu. "Nipe mimi siku isiyotakwa na mtu."

Akapewa kesho, kwenye ardhi kavu. Mtama wake ulikauka wote. Msimu ule Jumbe alikula kwa Semeni, yeye na nyumba yake, na hakuna siku hata moja Semeni alimkumbusha neno "mchawi," ingawa nawaambia lilikuwa likimwasha ulimini.

Mwaka uliofuata, aliyekosa alikuwa Semeni. Shamba lake lote lilikwenda na maji. Alikaa na bakuli mapajani tangu asubuhi, akiona haya, mpaka watoto wakaanza kulia. Ndipo akajifunga kanga, akaenda kwa Jumbe.

"Hodi humu ndani," akasema kwa sauti ya chini.

"Umechelewa, Semeni," Jumbe akamjibu kutoka jikoni. "Uji unapoa."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipotua mzigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.