Jina Ambalo Mzee Nandonde Hakulitaja

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, au nafunga mdomo wangu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani wageni waliingia kijiji cha watu, wakatwaa bonde lote, wenyeji wakasukumwa mawemaweni. Vita vilipozuka, wageni wale wale wakasema, "Enyi wenyeji, njooni mtupiganie." Mzee Nandonde akaenda na mdogo wake. Wakatekwa na adui, wao wawili na wageni thelathini, wakatiwa boma moja.

Kazi kupasua mawe. Kong'o! Kong'o! Jua linachoma, kong'o! Chakula uji wa pumba, kata moja. Mwezi wa tatu mdogo mtu akafa kwa kuhara. Mzee akamzika usiku ule nyuma ya boma.

Sasa, kwa wenyeji wale, maiti hatajwi jina mpaka kaburi liote majani. Ukimwita, unamrudisha kutoka njia ya wafu.

Asubuhi nyapara akahesabu watu. Mmoja hayupo.

"Wa kando yako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Nani?"

"Mdogo wangu."

"Jina, niandike aliyekufa!"

Mzee akatikisa kichwa. Kiboko kikalia, chwa!

"Umemtorosha! Hakuna uji kwa yeyote mpaka nisikie jina."

Siku ya kwanza, hakuna uji. Kong'o! Siku ya pili, hakuna. Kong'o... kong'o... Watu wakaanza kuanguka.

Shaweji, mmoja wa wageni, akafoka: "We mzee, jina ni kitu gani? Litaje tule!"

"Miezi mitatu umepasua naye mawe. Litaje wewe."

Shaweji hakulijua. Wote hawakulijua. Walizoea kumwita "wewe."

"Basi danganya!"

"Simziki ndugu yangu kwa uongo."

Siku ya tatu mzee akamfuata nyapara. "Unamtaka mtu wako? Njoo." Akafukua kwa mikono, paru, paru, paru. Harufu ikatoka. Akafunua uso.

"Huyu hapa. Mhesabu."

Nyapara akaziba pua, akageuka. "Wapeni uji."

Wakaukimbilia, wakamwacha mzee anafukia peke yake. Baadaye Shaweji akaja na kata mkononi.

"Babu, kunywa."

"Weka chini. Shika udongo."

Wakafukia wawili. Nzi wakaujaa uji.

"Babu, alikuwa anaitwa nani?"

"Ungemuuliza mwenyewe alipokuwa hai."

Mzee mwenyewe hakurudi kwao; alifia bomani, na jina akaenda nalo.

Basi nyie mnaonisikiliza, jueni jina la mtu angali anaitika. Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye udongo.