Nguchiro na Dawa Isiyokuwapo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kubisha hodi wakitembeleana, kila mwaka mavuno yakiisha walikimbia mbio za kuuzunguka Mlima Kipara. Washindi walikuwa walewale wakubwa. Mwaka huu Nyati, mwakani Kifaru, kisha Nyati tena. Watazamaji walipiga makofi huku wakipiga miayo.

Ndipo akatokea Nguchiro. Kadogo, miguu mifupi, mkia kama ufagio. Lakini mbio zake! Chapu-chapu-chapu! Nyati akabaki anakohoa vumbi. Kifaru akashikwa na kichomi, akakaa chini. Nguchiro akashinda mwaka ule, akashinda na uliofuata.

Wadogo wote wa porini wakaanza kutembea vifua mbele. Panya akawaambia wanawe, "Mmeona? Udogo si unyonge!" Akina mama wakawapa watoto wachanga jina lake. Wimbo ukatungwa.

Kumbe Nguchiro alikuwa na siri. Alikuwa akitafuna magome ya mti mmoja uliomea nyuma ya mlima. Ukiyatafuna, moyo unapiga du-du-du-du na miguu haijui kuchoka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Watu walipomwimbia alicheka nao, lakini akiingia ndani na kufunga mlango, alihisi kana kwamba wanamwimbia mtu mwingine asiyemjua.

Mwaka mmoja akazidisha. Akafika mwisho wa mbio, akashindwa kusimama!

"Simama, umeshinda!" watu walimwambia.

"Siwezi!" Nguchiro alipiga kelele.

Akawazunguka watazamaji. Akaruka jiko la Kobe, maandazi yakamwagika. Akakigonga kichuguu, puu! Gome likamtoka shavuni, likaanguka miguuni pa Bibi Twiga, mwamuzi wa mbio.

Bibi Twiga akainamisha shingo taratibu, akalinusa. "Nguchiro, mwanangu, hiki ni nini?"

Nguchiro akajifunika uso kwa mkia.

Nyati ndiye aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mwizi! Mwizi wa mbio!" Kifaru naye akaitikia, "Mwizi!"

Wanangu, kuzomewa si kitu. Jua likizama kunakwisha. Kilichomuuma Nguchiro ni kimya kilichofuata. Wimbo ule haukusikika tena. Watoto waliopewa jina lake wakabadilishiwa majina. Mkewe akafunga mizigo, akawashika watoto mkono.

"Nilikuwa nakupigia vigelegele mbele ya watu," alisema akiwa mlangoni. "Kumbe nilikuwa nalipigia gome." Akaenda zake kwao.

Nguchiro akabaki na nyumba iliyojaa viti vya wageni. Mkono wake ulikuwa umezoea kupika ugali wa wengi, kwa hiyo kila jioni sufuria ilibaki nusu.

Ni mmoja tu aliyeendelea kumwamkia. Huyo alikuwa Digidigi, binti wa jirani, ambaye kila asubuhi alipita mbele ya nyumba akifanya mazoezi.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, binti. Mbio?"

"Mbio, mjomba!" Na chwi-chwi-chwi, ameshapotelea kwenye umande.

Neno hilo moja ndilo lililomwamsha Nguchiro kitandani.

Mavuno yalipokwisha, Digidigi akaingia mashindanoni. Akawaacha Nyati na Kifaru nyuma kabisa. Akavuka mstari, akageuka, akangoja makofi.

Kimya.

"Huyu naye!" alisema Fisi. "Hebu fungua mdomo!"

Digidigi akafungua. "Aaa!"

Fisi akachungulia. Hakuona kitu. "Ameshameza!"

Watu wakaguna, wakakung'uta nguo zao, wakaondoka. Bibi Twiga akamvisha Digidigi taji la majani, na hapakuwa na mwingine wa kulitazama.

Jioni Digidigi akaja kwa Nguchiro. Hakubisha hodi, wala hakuamkia.

"Mimi sijawahi kuligusa gome lako."

"Najua, binti."

"Unajua wewe. Nani mwingine anajua? Nimekimbia kwenye mvua, nimekimbia kwenye jua. Wewe umekula ushindi wako, na wangu umeula!" Machozi yakamlengalenga. "Nitakimbia mara moja tena. Wakinifanyia vile, sikimbii tena maisha yangu."

Tangu siku hiyo alipita asubuhi bila kugeuza shingo. Chwi-chwi-chwi, basi.

Nguchiro akakaa katikati ya viti vyake vitupu, akawaza. "Niende nikawaambie ni msafi? Watasema mimi ndiye ninayempa magome. Ukweli wangu hauna mnunuzi." Akajikuna kichwa. "Ukweli hauna. Je, uongo?"

Akaenda kwa Nyati.

"Hodi!"

"Toka hapa, mwizi!"

"Natoka, bwana mkubwa. Nimekuja kukuambia tu kwamba mambo ya dawa nimeachana nayo. Nilikuwa na moja kali kuliko yote. Nimempa Digidigi."

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto. Sauti ikashuka. "Kali kiasi gani?"

"Eh! Ile ya kwanza ni maji ya kunawa. Ila ameificha, hata mimi sijui wapi. Anayeitaka itabidi amfuate kila aendako bila kupepesa macho. Iko siku ataitoa tu. Lakini ukimwambia mtu, watakuja wote. Utagawana na Konokono!"

"Potelea mbali!" Nyati alinguruma ili majirani wasikie. Kisha akanong'ona, "Anakaa nyumba ipi?"

Nguchiro akaenda kwa Kifaru, akamwambia yaleyale.

Kesho yake asubuhi, Nyati alikuwa amejibanza nyuma ya kichaka karibu na nyumba ya Digidigi. Kichaka kilimficha pua tu. Mara, kacha! Kijiti kikavunjika. Kifaru huyo.

"Unafanya nini hapa?" Nyati aliuliza.

"Mimi? Napunga upepo. Na wewe?"

"Mimi pia. Upepo wa hapa mzuri."

Basi wakaupunga upepo huo siku baada ya siku. Digidigi akila majani, wanaangalia. Akienda kisimani, wanatambaa nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kuondoka, maana angemwachia mwenzake. Digidigi alipotoka, Nyati aliingia ndani akapekua mpaka chini ya mkeka. Akakuta chumvi na kitana. Kifaru akaunywa mtungi wake wote wa maji, akidhani ndiyo dawa. Akatoka mbio, akajikwaa kwenye kizingiti, tii! Akavimba goti.

Walikonda, wanangu. Macho yakawa mekundu kama pilipili. Dawa hawakuiona.

Siku ya mbio ikafika. Nyati na Kifaru walikuwa wamechoka hata hawakukimbia. Walikaa chini wakisinzia. Nguchiro alisimama mbali, nyuma ya watu wote, mahali ambapo hakuna aliyependa kusimama naye.

Digidigi akakimbia kama hakugusa ardhi. Akawa wa kwanza.

Kimya. Kisha sauti ya Fisi: "Dawa!"

"Dawa! Dawa!" watu wakapokea.

Digidigi akainamisha kichwa.

"Iko nyumbani kwake!" alisema Fisi. "Twendeni tukapekue!"

Watu wakainuka. Nyati akazinduka usingizini kwa hasira. "Kaeni chini, msijisumbue! Nyumba ile nimeipekua mimi mpaka chini ya mkeka. Hamna dawa!"

"Na maji yake nimeyanywa mimi," Kifaru akadakia. "Maji matupu! Tumemwangalia tangu mvua za mwanzo hadi leo. Anakula majani, analala, anakimbia. Basi!"

Watu wakatazamana. Bibi Twiga akashusha shingo mpaka usoni pao. "Na ninyi, waheshimiwa, mlikuwa mnatafuta nini huko?"

Wakubwa wakazitazama kwato zao.

"Nguchiro alituambia iko," Nyati alisema kwa sauti ya mtoto.

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Nguchiro! Dawa iko wapi?" aliuliza Bibi Twiga.

"Haipo," alisema Nguchiro. "Haikuwapo. Nilidanganya."

"Lo! Mwongo hajafa!" Panya alipiga kelele. "Kumsingizia mtoto wa watu!" Wakamrushia maganda ya ndizi. Kisha wakamgeukia Digidigi. Vigelegele vikapasua anga. Akabebwa juu juu. Wengine walilia, wakamwomba radhi.

Akiwa huko juu mabegani, Digidigi alimtazama Nguchiro. Akawaza. Akaelewa. Akafungua mdomo kumwita, "Mjo..."

Nguchiro akatikisa kichwa upesi. Angeitwa siku ile mbele za watu, wangesema wale ni wamoja, na yote yangeharibika. Digidigi akalimeza neno lile.

Nguchiro akajipangusa maganda, akashika njia ya peke yake. Nyuma yake watu walikuwa wanatunga wimbo mpya, na kwa kuwa ulikuwa mzuri, akapunguza mwendo ausikie kidogo. Kisha akapiga kona ya mlima, wimbo ukawa hausikiki tena.

Hadithi inaishia kwenye kona hiyo, wanangu, na neno lake ni hili: anayeiba ushindi huiba na imani ya watu, na hata akiirudisha kwa wenzake, yeye mwenyewe hubaki bila.