Ruhusa ya Mama Mlezi

Wa kwanza kunieleza jambo hili ni wifi yangu Tumpe, ambaye kazi yake ni kulinda taarifa za watu ndani ya kompyuta. Nilikuwa namenya viazi, yeye amempakata mwanangu mdogo, akasema kuna hatari anayoiogopa kuliko mwizi anayevunja mlango. Nilipomuuliza ni ipi, alinijibu kwa mfano. Nawaletea akina mama wenzangu kama nilivyoupokea.

Kulikuwa na ofisi ndogo iliyowasaidia wanawake waliokimbia vipigo. Wanawake hao walifichwa kwenye nyumba za watu wema, huku na huku mjini. Nani kafichwa wapi, hilo lilihifadhiwa kwenye kompyuta, na aliyeruhusiwa kulifungua ni mmoja tu, kiongozi wao, waliyemwita Mama Mlezi.

Basi fundi wa kompyuta akaandika programu ndogo ya kukadiria unga na maziwa ya wiki. Yeye mwenyewe aliruhusiwa kuona mambo ya stoo tu. Lakini programu za namna ile zina tabia moja: zinafanya kazi kwa ruhusa ya yule anayeziita, yaani anayebonyeza zianze kazi, siyo ya yule aliyeziandika.

Pale ofisini walikuwa na desturi nzuri. Kitu kipya kikija, iwe jiko au cherehani, Mama Mlezi hukiombea, kisha anakuwa wa kwanza kukitumia. Siku ile aliinamisha kichwa mbele ya kompyuta, akaomba, akaomba, mpaka mpishi akamnong'oneza, "Mama, malizia basi, watoto hawajanywa maziwa." Wakacheka. Mama Mlezi akaingia kwa jina lake na neno lake la siri, akabonyeza. Hesabu ya unga ikatoka sawasawa. Wakampigia fundi makofi.

Hakuna aliyejua kwamba katikati ya maagizo ya unga, fundi aliingiza agizo moja dogo: tafuta mahali alipofichwa mwanamke fulani, kisha uniwekee pale ninapoweza kusoma. Mume wa mwanamke huyo alikuwa rafiki yake. Fundi alipoijaribu programu mwenyewe, kompyuta ililikataa agizo hilo. Alipoiita Mama Mlezi, kompyuta ilimwona Mama Mlezi, ikatii.

Siku chache baadaye yule mwanamke alikuwa anamwogesha mtoto wake uani, akasikia sauti ya mumewe getini. Alimfunga mtoto kwa khanga, angali na povu masikioni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alifika ofisini bila viatu.

Mama Mlezi aliapa kwamba hakumwambia mtu. Akaitwa fundi mwingine, mwanamke mtaratibu, akaisoma ile programu yote kuanzia juu hadi chini. Alipomaliza akavua miwani.

"Hakuvunja kitu, mama. Ulimfungulia wewe."

"Basi niondolee ruhusa zangu zote," akasema Mama Mlezi. "Sistahili."

"Nikiziondoa, nani atawatafutia hawa pa kulala? Baki nazo. Ninaloondoa ni lile la kila mtu. Mpaka sasa, programu ya yeyote ukiiita inavaa ruhusa zako. Kuanzia leo zitavaliwa na programu za mtu uliyemkubali kwa jina, ambaye maandishi yake yamesomwa kwanza. Wengine wote watakataliwa."

Mama Mlezi akaitikia kwa kichwa tu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuthubutu kumtazama yule mwanamke. Mwanamke akasimama, akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani pa Mama Mlezi.

"Mshike, nikanawe miguu," akasema. "Wewe nimekukubali kwa jina."

Akina mama, mnaona? Mama Mlezi hakuwa mwovu. Hakuuza siri, hakulala kazini. Aliomba, kisha akauazimisha uwezo wake kwa maneno ambayo hakuyasoma. Na sisi je? Tunaogopa sana mtu wa kutunyang'anya. Je, tunamjua yule tunayemvalisha ruhusa zetu sisi wenyewe? Mara ngapi mtu amekwenda na jina lako mahali ambapo jina lake lisingefika, na wewe ukaona ni ukarimu? Mungu ametupa uwezo juu ya watoto wetu na juu ya siri za wenzetu. Hajatuambia tuutupe kwa woga, wala tumfungie kila mtu mlango. Ruhusa tumpe yule tunayemjua, katika jambo tunalolijua. Huko pia ni kupenda.

Kesho yake asubuhi, baada ya wifi kunisimulia hayo, nilimpeleka mwanangu mkubwa chekechea. Pale, yeyote anayesema "nimetumwa na mama yake" hukabidhiwa mtoto, na wote tumezoea hivyo. Nilimwomba mwalimu anisikilize kidogo. Nikamwambia kwamba mwanangu akabidhiwe kwangu au kwa bibi yake tu. Mwingine akisema katumwa, amkatalie kwa upole. Mwalimu akauliza kama nimegombana na majirani. Nikasema hapana, nawapenda. Kisha nikasimama dirishani mpaka nikamwona mwanangu amekaa.