Ukiita Baa Kituo

"Ukiita baa kituo, jiandae kupiga magoti."

Neno hili mmelisikia asubuhi hii kwa Mama Kolumba, alipokuwa akimfokea mkwewe aliyeaga kwamba anakwenda semina, na huku amevaa shati la maua. Mmecheka, kisha mmekuja mbio kuniuliza limetoka wapi. Mmegonga mlango wenyewe. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Methali hii ina umri mdogo kuliko meno yangu ya bandia. Ilizaliwa hapa hapa Morogoro, ikaenda kubatizwa Dar es Salaam. Kaeni niwape chanzo chake. Nikizidisha chumvi mnivumilie. Chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa.

Palikuwa na wastaafu watatu wa reli. Wa kwanza, Anakleti Mkude, alikuwa mkuu wa treni, mtu wa mwandiko mzuri na ratiba. Hata mboga nyumbani kwake ilitakiwa ifike mezani kwa dakika yake. Wa pili, Fulgensi Banzi, alikuwa dereva wa treni, mnene, akicheka tumbo linatangulia na sauti inafuata. Wa tatu alikuwa mkagua tiketi, mtanashati kuliko wote, kiatu kinang'aa hata wakati wa mvua. Jina lake si la lazima. Tumwite Mtanashati.

"Babu, si ni wewe huyo?"

Sesilia, nimesema jina si la lazima.

Watu hawa kwa miaka thelathini na minne walipeleka abiria Dar es Salaam. Wao wenyewe waliishia stesheni. Treni ikifika, wanaigeuza, wanarudi. Maghorofa ya vioo na taa za rangi waliviona dirishani tu, kama mtoto anavyoona keki ya arusi ya watu wengine. Walipostaafu wakaapa: kabla hatujafa, tutaingia Dar usiku mmoja, tutapita baa saba, moja baada ya nyingine, kila moja tuionje.

Kikwazo kilikuwa Anakleti. Miaka miwili nyuma, mkewe Eufrasia alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akakaa siku tisa hafumbui macho. Siku ya tisa Anakleti alipiga magoti kando ya kitanda akasema, wauguzi wakisikia: "Mungu, mwinue huyu mama, na pombe sitaigusa tena maisha yangu." Siku ya kumi Eufrasia akafumbua macho, akaomba uji. Tangu hapo yule mama, ambaye ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita, akawa anasimama kila penye mkusanyiko kutoa ushuhuda: "Mnaniona napumua kwa sababu ya nadhiri ya mume wangu." Watu wanalia. Anakleti anatazama viatu vyake.

Sasa siku ya kupanga safari walikaa katika kibanda cha Fulgensi cha kutengeneza redio. Anakleti akasita. "Jamani, na nadhiri yangu?"

Mtanashati akamuuliza, "Uliiwekea wapi?"

"Hapa. Hospitali ya mkoa."

"Mkoa gani?"

"Morogoro."

"Basi! Dar ni mkoa mwingine. Nadhiri haina tiketi."

Fulgensi akacheka mpaka redio mbovu mezani ikaanza kukoroma. Anakleti naye akacheka, na mtu akishacheka jambo amekwisha kulikubali. Nawaambia hili kwa uchungu kidogo, maana yule Mtanashati alijiona ana akili sana siku ile.

Wakaanza kuandika ratiba. Anakleti akasema lazima iandikwe kwa mafumbo, kwa kuwa Eufrasia hukagua mifuko kabla ya kufua. Watu wa reli hawakuhangaika kutafuta fumbo. Baa wakaiita kituo. Juu ya karatasi Anakleti akaandika kwa ule mwandiko wake wa kupendeza: HIJA YA WATU WATATU. Chini yake, kila mstari na jina la mtaa wake:

Kituo cha kwanza: mbili mbili, na ubavu.

Kituo cha pili: tunakaza mwendo.

Kituo cha tatu: Fulgensi anaanguka mara ya kwanza.

Hapo wakacheka sana, maana Fulgensi hakuwahi kuvuka chupa ya sita akiwa wima.

Kituo cha nne: tunakutana na akina mama.

Kituo cha tano: Fulgensi anasaidiwa kubebwa.

Kituo cha sita: juu kabisa, jiji lote chini ya miguu yetu.

Kituo cha saba: hakuna kurudi nyuma.

Nyinyi mliosoma katekisimu naona mmeshaanza kushika vinywa. Wale wazee hawakuona kitu. Wao walikuwa wanaona treni tu.

Anakleti akaaga nyumbani kwamba Jumamosi anakwenda Dar "kwa shughuli ya wastaafu". Jumamosi yenyewe, saa nane kasoro mchana, wazee watatu wakafika stesheni wamependeza. Fulgensi kavaa kofia ya pama. Mtanashati kajipulizia manukato mpaka nzi wanamkwepa.

Kwenye jukwaa la treni wakakuta wanawake thelathini na mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita, wote na vitenge vya sare, rozari mkononi, tiketi mkononi. Mbele yao msalaba wa mninga, mrefu kuliko mtu. Na pembeni ya msalaba, Eufrasia.

Fulgensi akavua kofia. Mtanashati akatafuta nguzo ya kujificha, akakuta nguzo nyembamba.

"Baba Devota," Eufrasia akamwita mumewe kwa jina la binti yao. "Nimeiona karatasi yako. Nimeisoma yote, mara tatu."

Anakleti akadakia, "Mama Devota, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze kitu! Miaka yote mimi nadhani unakuja kanisani kunifurahisha. Kumbe unapanga njia ya msalaba ya shukrani, vituo kama vya Yesu kwenda Kalvari, na unaificha kama Injili inavyosema, mkono wa kushoto usijue!" Machozi yakamtoka. "Lakini kwa nini mlitaka kubeba msalaba huu peke yenu? Na wewe Fulgensi, shemeji yangu, kukubali kuanguka kwa niaba ya wote! Mungu akuone."

Fulgensi akafungua mdomo. Ule msalaba wa mninga ukawekwa begani mwake, wimbo ukaanza, na treni ikaingia.

Wakipita Ruvu, Anakleti alimnong'oneza Mtanashati: "Nadhiri haina tiketi, eh?"

Mtanashati akatazama nje. Yeye, aliyekagua tiketi miaka thelathini na minne, akaanza kuikagua ya kwake.

Mnajiuliza kwa nini hawakusema ukweli palepale. Waliuogopa ule uso wa Eufrasia. Hamkuuona nyinyi. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa maisha mara ya pili. Nani angekuwa wa kwanza kuuzima? Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Saa kumi na moja jioni msafara ukawa unapita katikati ya maghorofa ya vioo. Msalaba mbele, kitenge nyuma, magari yanasimama. Wenye suti walitoka maofisini kutazama. Ratiba ilikuwa na majina ya mitaa, na Eufrasia aliifuata mstari kwa mstari, mpaka wakafika mbele ya mlango wenye taa za buluu na maandishi makubwa: MWANGA WA JIJI BAA.

Eufrasia akasimama. "Hapa ndipo kituo cha kwanza?"

"Ndipo," Anakleti akasema kwa sauti ya kuku.

"Hapa ni baa."

Wanawake thelathini na mmoja wakageuza shingo kumtazama Anakleti. Kisha, polepole, uso wa Eufrasia ukang'aa upya. "Mmechagua kusali mlangoni mwa adui! Mtu aliyeacha pombe anakuja kuwaombea walioshindwa! Jamani, mimi nimeolewa na mtume!" Akainua mkono. "Magoti chini!"

Wakapiga magoti wote barabarani, penye kokoto. Ndani ya baa muziki ukazimwa. Mteja mmoja akaificha chupa yake chini ya kiti, mwingine akavua kofia. Bwana mmoja mwenye tai akaondoka bila kumaliza bia, na nasikia hajarudi mpaka leo.

Hapo ndipo alipotoka mhudumu, msichana mchangamfu anaitwa Mwantumu, amebeba sinia yenye chupa sita zinazotoa jasho la ubaridi. Alikuwa jikoni, hakujua kinachoendelea.

"Karibuni wazee wa Morogoro! Nani Mzee Fulgensi aliyepiga simu jana? Meza ya watu watatu iko tayari. Hizi ndizo mbili mbili zenu za kuanzia, na ubavu wa mbuzi nimeshaugeuza..."

Akauona msalaba. Sinia likaanza kutetemeka, chupa zikigongana kama kengele ndogo za misa.

Eufrasia alikuwa bado amepiga magoti. Akachomoa karatasi kwenye blauzi, akaisoma tena, midomo ikitembea. Mbili mbili. Ubavu. Akazitazama chupa, moja moja, mpaka ya sita. Akaenda mstari wa tatu, akamtazama Fulgensi. Akaenda wa nne, akawatazama wenzake, akina mama. Mimi nimeona treni ikiacha reli. Nimeona daraja likichukuliwa na maji. Sijaona kitu kikivunjika kimya kimya kama uso ule.

"Babu, sasa umesema uliona..."

Nyamaza, Sesilia.

Anakleti akasema, "Eufrasia, nilikudanganya."

Alimwita jina lake, si Mama Devota. Hakuwa amelitumia tangu walipooana.

"Hukunidanganya mimi," Eufrasia akajibu. "Mimi nilikuwa nimelala na mipira puani, sikusikia chochote. Ulimdanganya uliyekuwa unaongea naye." Akakunja karatasi. "Mimi sijui kama napumua kwa nadhiri yako au kwa dawa za daktari. Lakini nimesimama mbele ya watu miaka miwili nikasema ni nadhiri. Kesho Jumapili nikisimama, niseme nini, Anakleti?"

Mwantumu akalishika sinia lake kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni. Anakleti angeweza kuinuka, akajipangusa kokoto, akaomba radhi kama wanaume tunavyoomba, neno moja na safari inaendelea. Hakuinuka. Aliuchukua ule msalaba begani kwa Fulgensi, akauliza kwa adabu, "Binti, mtaa wa pili ni upande gani?" Mwantumu akaonyesha kwa kidevu. Naye Anakleti akaanza kwenda huko. Kwa magoti.

Fulgensi akamfuata kwa magoti. Mtanashati alisita, suruali ilikuwa mpya. Kisha akakumbuka ni nani aliyesema nadhiri haina tiketi, akashuka naye.

Vituo saba, wanangu. Kwenye kila mlango Anakleti alisimamisha msalaba akasema kwa sauti: "Mimi niliahidi, na hapa nilikuja kuvunja." Kituo cha tatu Fulgensi akaanguka, mara ya kwanza. Kituo cha tano akasaidiwa, wanawake sita walimbeba, wakilalamika uzito wake. Kituo cha sita kilikuwa juu ya ghorofa la kumi na sita. Lifti ilikuwepo, nzima kabisa. Eufrasia aliitazama tu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Jiji lote waliliona chini ya miguu yao, ila miguu yenyewe hawakuisikia.

Wakarudi na treni ya alfajiri. Ndani ya behewa Eufrasia alikaa dirishani, Anakleti kando yake, suruali imetoboka magotini. Hakumsemesha. Ila wakipita Ruvu alitoa chupa ya maji na kitambaa, akaanza kumwosha yale magoti. Mama Kolumba, mke wa Mtanashati, mmoja wa wale thelathini na mmoja, aliyeketi mbele yao, akamtazama mumewe ana kwa ana akasema lile neno mlilolisikia asubuhi, behewa zima likalishika.

Jumapili ile Eufrasia alisimama kanisani. Wazee watatu walishika benchi kwa mikono miwili. Akasema: "Mnaniona napumua. Na mume wangu jana amepiga magoti vituo saba Dar es Salaam." Akakaa. Hakudanganya hata nukta moja. Anakleti hakugusa pombe tena, Morogoro wala mkoa mwingine wowote.

Haya, nimemaliza. Sesilia, mbona unanitazama miguu? Ndiyo, nimekaa nimeinyoosha. Haikunjiki tangu mwaka ule. Nenda kamwambie bibi yako, huyo Mama Kolumba, asimpigie kelele sana yule mkwe wa semina. Ampe tu hili shati langu la zamani afungie magoti, na amkumbushe taratibu: ukiita baa kituo, jiandae kupiga magoti.